Njia ya Mkato ya Kushukia Busi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Unauliza wewe na wenzako mtembeeje milimani kwetu bila kuharibu.

Nikiwa kijana, njia ya kushuka kijijini Busi ilizunguka hatua mia sita. Nikakata moja kwa moja, hatua mia mbili, wenzangu wakanifuata. Mvua zilipokuja, maji yakapita palepale tulipokanyaga, yakachimba korongo, yakabeba nusu ya shamba la uwele la mama.

"Nyayo zako hizo," mama akaniambia. Zangu peke yangu! Na tulipita vijana kumi na wanne.

Mpaka leo nashangaa jinsi miguu yetu ilivyoyaonyesha maji njia. Nyie fuateni inayozunguka. Juzi nililipima korongo lile: upana hatua kumi na moja, na bado linapanuka, ingawa hakuna anayepita pale tena.

Babu yako