Leo Sifa Amepigwa Shindano

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika, ziwa imetulia, na miye naandika mbio kwa furaha. Ona namna naandika vibaya.

Sifa amepigwa shindano ya chanjo!

Wacha nieleze toka mwanzo. Nisipoandika leo leo, kesho nitaanza kutia chumvi.

Sifa ni paka yetu, hajafika mwaka, mweupe na madoa meusi, na jina lake linamutosha: anatembea mu salon ya nyumba na maringo kama bibi-arusi. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa kwa jirani yetu, Maman Neema. Juma iliyopita ule ndugu alianza kutapika maji ya njano, akakataa samaki, akakaa kichwa juu ya bakuli ya maji bila kunywa hata tone. Akafa. Maman Neema alimulilia kama mutu. Miye nililia pamoja naye, lakini siwezi kudanganya, nilikuwa namuwaza Sifa.

Veterineri, munganga wa wanyama, citoyen Bisimwa, kama serikali inataka tuitane, alisema ni tifusi ya paka. Haishiki watu, lakini paka inawamaliza, na wenye kuitembeza ni wale paka wa njia. Tangu wazungu na Wagriki wa avenue yetu waende zao, paka zao zimebaki inje. Zinalala chini ya magari, zinapigana ku mapipa ya takataka. Na katika nyumba zote za avenue, lupango yetu, uwanja huu wa nyumba, njo zinaipenda kupita. Kila siku nilikuwa najiuliza: juu ya nini hapa kwetu?

Juma hii yote miye nimekuwa askari. Sifa hatoki. Bakuli yake haitoki. Ku mulango nimeweka kitambaa yenye kulowana javel, ile dawa ya kuua vidudu, na kila mutu anapangusa viatu mbele ya kuingia, juu Bisimwa alisema ule ugonjwa unapanda hata ku viatu. Hata pasta wetu alipangusa, masikini, bila kuuliza neno.

Na amri ya mawe, ni Papa aliitoa. «Paka ya njia ikikanyaga hapa, muipige jiwe.» Tulipiga. Miye nilipiga sana, na shabaha yangu haiko mbaya.

Papa anafanya kazi ku ofisi ya zone, ofisi ya serikali. Siku serikali ilikataza majina ya kizungu, yeye alikuwa wa kwanza ku avenue kutii. Mu nyumba yetu hakuna tena Jeanne, hakuna tena Albert. Miye ni Nabintu, kaka yangu ni Cirhuza, basi. Siku moja ulimi wa Maman uliteleza akaniita Jeanne. Papa aliacha chakula, akanyanyuka ku meza, akaenda kulala. Tangu siku ile hakuna ulimi wenye kuteleza tena.

Sasa, chanjo. Bukavu haiko. Bisimwa alitafuta, akakosa. Ni Tonton Mushagalusa, mudogo wa Maman mwenye kufanya kazi Kinshasa, ameipata kule, na leo ameileta na ndege, mu thermos yenye kujaa barafu. Nimemukimbilia miguu tupu mu mvua! Maman naye, kuona thermos, amesema aksanti sana, ameibeba, ameenda nayo mu jikoni kutafuta vikombe.

Aka! Nimepiga kelele mupaka kofia ya Tonton imeanguka. «Maman, haiko chai! Ni uzima wa Sifa!» Tumecheka wote mupaka machozi.

Mu barafu kulikuwa vichupa viwili. Tonton aliogopa kimoja kisivunjike njiani. Hakuna kilichovunjika.

Bisimwa amekuja na shindano yake, ameichemusha mu sufuria yetu, amemushika Sifa ngozi ya shingo. Tiki! Sifa hakulia. Miye njo nimelia. Bisimwa amesema tuendelee kumufungia mu nyumba mupaka dawa ishike mwili, na javel isiache ku mulango. Ndiyo, docteur! Hata mwaka muzima nitamufungia.

Halafu amenyanyua kichupa cha pili. Barafu inaisha, friji yetu umeme unaikatia kila siku, dawa itaharibika. Amesema, tumupige shindano ule paka wa njia mwenye kuja sana hapa, yule wa rangi ya majivu. Akiwa hana ugonjwa, hatamuletea Sifa.

Yule wa majivu! Namujua. Mawe yangu naye anayajua.

Tumetoka wote. Miye na kipande ya samaki, Maman na kitenge ya kumutupia, Tonton magoti mu matope na suruali yake ya Kinshasa. Pss, pss, pss. Paka iko juu ya ukuta inatuangalia tu. Nikinyanyua mukono, inaruka nyuma. Kichupa kinapata joto. Bisimwa anaangalia saa. Nimeanza kukata tamaa.

Hapo Papa amerudi toka salongo, ile kazi ya kusafisha avenue, jembe ku bega na matope mupaka magoti. Ameuliza tunafanya nini. Bisimwa amemuelezea. Papa ameangalia barabara upande huu, ameangalia upande ule. Ameweka jembe chini.

«Geneviève.»

Mama wee! Ameita polepole, na sauti yenye sijaisikia tangu nilipokuwa mutoto. Na yule paka ameshuka ukuta! Amevuka lupango mbio, mukia juu, amejipangusa ku suruali ya Papa, na Papa amemubeba. «Njoo, Geneviève. Njoo, mama.»

Bisimwa ameangalia macho ya paka, ameangalia kinywa, amesema huyu haiko mugonjwa. Tiki.

Kumbe! Vile vichwa vya samaki vyenye Maman anasema panya wanaiba, panya ni Papa! Amekubali mwenyewe: kila asubuhi, mbele ya sisi kuamuka, anawapa wale paka chakula ku ukuta wa nyuma. Na miye nasugua javel mupaka vidole vinachunika! Nimetaka kukasirika, nimeshindwa, nimecheka tu.

Bisimwa amemupa Papa masharti: Geneviève anakula mbali, bakuli yake peke yake, na ukimugusa unanawa sabuni na kubadilisha nguo mbele ya kumukaribia Sifa. Papa amejibu «ndiyo, ndiyo» kama mwanafunzi.

Wakati wageni wameenda, nimemufuata ku baraza. Nimemuuliza, Papa, na lile jina? Ameona haya. Amesema alikuwa paka ya ule muzee mwanamuke Mugriki wa nyumba ya pembeni, njo vile alikuwa anamuita. «Nilimujaribu na majina yetu. Nilimuita Zawadi. Nilimuita Mapendo. Nilimuita hata Nabintu. Hakugeuka.»

Nimemushika mukono, kisha nimekumbuka, nimeenda kunawa.

Sifa analala hapa ku miguu yangu, tumbo imejaa, hajui kama leo watu watano wamekimbia juu yake. Nimefurahi mupaka siwezi kulala. Na Papa iko ku baraza hata sasa, anaongea na Geneviève, na jina lile analitaja, analitaja tena, na sauti inapanda, na watu wenye masikio wanapita barabarani. Nimenyanyuka, nimewasha radio, nimeiweka ku mulango, na muziki nimeufungulia mupaka mwisho.