Paja la Gambo

Mtaa wa Wachinjaji,
Funtua.
12 Machi 1997

Mpendwa Mjomba Tanimu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Accra, na mgongo je, umepoa? Hapa tuko, tunajikaza. Mama Delu, mamaye Bawa, bado hagusi chakula, ila maji anakunywa.

Najua habari ya msiba wa Bawa ulipigiwa simu. Najua pia umeandikiwa kwamba mimi, mpwa wako, nimemwokoa aliyemuua mwanao. Ni kweli. Nataka uyasikie kwangu.

Unakumbuka chuo cha afya kilivyonitesa. Majina ya mishipa yaliingia sikio hili yakatokea lile. Siku ya zoezi la mtu anayevuja damu, nilimlaza mwenzangu ubavu wa kushoto, uso kibla, nikamkandamiza bega kwa goti. Darasa zima likaangua kicheko. Malama Rakiya, mwalimu wetu, hakucheka.

"Kwenu mnachinja?"

"Tangu babu wa babu, Malama."

"Basi damu unajua kuitoa. Mahali ni palepale, kijana. Sasa ziba."

Tangu siku hiyo kila somo nililitafuta kwanza ndani ya ng'ombe: ini, bandama, mshipa wa paja. Nikawa wa pili darasani.

Ijumaa ile, baada ya Alasiri, vijana wetu walipigana ngumi za kamba, mkono umezungushiwa kamba kama kawaida ya mchezo, na wale wa ng'ambo ya reli. Bawa alimng'oa Gambo meno mawili. Watu wakamzomea Gambo, naye akachomoa kisu. Nilipomfikia Bawa, shingo ilikuwa imekatwa pande zote mbili. Nimechinja vya kutosha, Mjomba. Hapakuwa na pa kuziba. Nilimfumba macho.

Hatua kumi kutoka pale, wenzetu walikuwa wamempiga Gambo panga la paja. Damu ilirukia ukuta. Sikufikiri. Nilimsokomeza ngumi kinenani, mshipa wa paja unapopita, nikaegemea kwa uzito wangu wote.

"Mwachie mbwa huyo afe," alisema Iro, mwanao mkubwa, akanipiga teke la mbavu. "Wewe ni mchinjaji au mkunga?"

"Nipige tu, kaka. Siachii."

Alinipiga kweli. Mbavu mbili zimevunjika. Gambo yu hai, kafungwa pingu kitandani hospitalini.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata mama. Teke la pili liliponigeuza, nilimwona Bawa kalala pale mavumbini, nikalegeza mkono. Kwa makusudi. Damu ikanijia ya moto vidoleni, nami nikahesabu moja, mbili, tatu. Najua inachukua ngapi hadi roho itoke. Kisha nikakaza tena, na hadi leo sijui kwa nini. Namchukia Gambo kuliko Iro anavyomchukia.

Nisalimie huko Shangazi Asabe na binti yake Kande. Mungu amrehemu Bawa wetu, na akufikishe nyumbani salama.

Iro haitikii salamu yangu. Wewe ukija, Mjomba, niitikie kwanza, ndipo unipige.

Mpwa wako akupendaye, utake usitake,
Lawali