Minyaa ya Kisimani

Kishapu, Jumanne, 14 Oktoba 1952.
Asubuhi kavu. Upepo wa vumbi kutoka mashariki, wingu hakuna.

Dada Eliza, shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu? Na wewe, kifua kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimemkata mtu kwa jembe, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine.

Shule yetu ilichimba kisima katika mchanga wa mto uliokauka. Ng'ombe walikuwa wakibomoa kingo zake, hivyo nikapanda minyaa kukizunguka pande zote, na mijohoro kumi na miwili nje yake kwa ajili ya kivuli. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kumwagilia na Minza, mama anayetupikia shuleni, kata moja kwa kila mche.

Jumamosi alifika Masanja, mfugaji jirani yetu, na ng'ombe wenye kiu. Alitutazama kwanza, kisha akauliza, "Mwalimu, kaya hii ni ya nani?" Sikumwelewa. Akanieleza taratibu kwamba kwao mtu akizungushia minyaa mahali, amepafanya kwake, na mwingine haingii. Mtoni hapafungwi, maana kiangazi wote hunywesha humo. Nikamjibu kwamba hii ni miche tu, nikampa mgongo, nikaendelea kumwagilia. Hapo ndipo nilipokosea, Dada. Yeye aliona nimeshamjibu kwamba ni pangu.

Akaanza kuing'oa. Minza akamwita mwizi wa maji, akampiga usoni kwa kata. Masanja akamchapa machoni kwa tawi la mnyaa alilokuwa nalo, mara mbili, na utomvu wake mweupe unaounguza ukamwingia. Minza akaanguka akijikwaruza macho. Nikachukua jembe. Nililenga bega la Masanja, likampata mkononi, likakata vidole viwili mpaka mfupani. Nikaliinua tena. Ningempiga kichwani, nakwambia kweli, lakini Minza alilia kwamba haoni.

Nikammwagia Minza machoni ndoo nzima ya maji iliyobaki. Masanja, damu ikimtiririka, akasema, "Maji hayatoshi. Mlete hapa." Tukamburuta mpaka kwa ng'ombe mwenye ndama, naye akamkamulia maziwa machoni kwa mkono uliokuwa mzima, mimi nimemshika Minza kichwa. Hatukutazamana.

Jumapili niliing'oa minyaa yote peke yangu, wafugaji wakiniangalia. Mganga wa zahanati anasema vidole vya Masanja havitakunjika tena. Hakunishtaki.

Jana alasiri tulimfungua Minza kitambaa cha macho. Jicho la kulia linaona. La kushoto halioni hata mwanga. Nikamwomba radhi. Akasema, "Ungemsikiliza yule mtu, mwalimu. Alikuuliza vizuri."

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi mnayekaa naye. Mama msalimie, lakini barua hii usimsomee.

Mdogo wako,
Rehema

Usingizi, ambao sikuupata tangu Jumamosi, ulinichukua jana saa nne na robo usiku.