Twiga wa Rayyan

Lela, nakuandikia huku Rayyan ameketi mbele yangu akikata kadibodi. Usinipigie, atasikia.

Unakumbuka watoto wa nasari waliambiwa watengeneze mnyama wa maboksi nyumbani? Nilimtengenezea twiga. Mimi mwenyewe, jioni tatu, hadi kope. Shingo niliipima kwa rula, Lela. Kwa rula!

Leo nimeenda kumchukua shuleni, mwalimu wake akanishika mkono. "Mama Rayyan, huyu mtoto ana kipaji! Ijumaa atatengeneza mwingine mbele ya wazazi."

Mbele ya wazazi! Mtoto wa miaka mitano ambaye hata mkasi hajui kuushika!

Nikafungua mdomo niseme ukweli, Rayyan akaniwahi. "Nilitengeneza peke yangu, Mwalimu." Bila kupepesa macho. Nami nikanyamaza. Nikatabasamu kabisa.

Njiani nikamuuliza kwa nini amedanganya. Akashangaa. "Si wewe uliniambia nikiulizwa niseme hivyo?"

Ni kweli. Nilimwambia.

Sasa nikimwendea mwalimu, mwanangu ataitwa mwongo kwa maneno yangu. Nikinyamaza, Ijumaa ataaibika mbele ya watu.

Kwa hivyo namfundisha. Tangu saa kumi amemaliza sikio moja tu, nalo limepinda. Nilitaka kulinyoosha, akaninyang'anya. "Wacha, Mama. Hili ni langu la kweli."

Nimemwachia. Ameanza kupiga miayo, namwondolea mkasi. Kichwa, shingo na miguu yote minne ni ya kesho.