Uamuzi wa Kipindi cha Saba

Keko Machungwa,
Temeke.
2 Desemba 2024.

Mdogo wangu Eufrazia,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Mauwa. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji na watoto wote huko Masasi ni wazima. Sisi tupo. Mvua za mwezi uliopita ziliingia sebuleni kwa siku mbili, kisha zikakoma. Mauwa anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao la mafundi wa barabarani, lakini chakula anakula na maneno hayajapungua.

Mwanao Recho amemaliza mitihani yake ya kidato cha nne Ijumaa iliyopita. Keshokutwa atapanda basi kuja kwenu. Kwa miaka minne aliyokaa kwangu hajanipa sababu ya kumgombeza mara mbili kwa kosa lilelile. Hilo nataka ulijue kwanza.

Uliniuliza kwa simu kwa nini hatakwenda ile shule ya Mbweni, nikakujibu kwamba timu yake ilifungwa. Jibu lile lilikuwa kweli, lakini halikutosha. Sasa nakuandikia lililobaki.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimekuwa mwamuzi wa softiboli kwa shule za sekondari. Ni mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kupitia vituo vitatu, hadi urudi kwenye bamba la nyumbani pale ulipoanzia. Ukilikanyaga bamba kabla hujaguswa na mpira, u salama na timu yako imepata pointi. Ukiguswa kwanza, umetoka. Mwamuzi wa bamba ndiye anayeona, na anachokiona yeye hakikatiwi rufaa.

Cheti cha uamuzi hakitolewi hivi hivi. Kila mwaka tunafanya mtihani wa maswali hamsini, tunapimwa macho, tunakimbizwa uwanjani, na tunajaribiwa katika mechi mbili. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya kanuni. Mwaka jana nilimrudisha kijana aliyepata alama arobaini na nne badala ya arobaini na tano. Wenzangu walisema nimekaza mno. Niliwaambia kwamba anayesamehewa alama moja kwenye karatasi atataka kusamehewa hatua moja uwanjani.

Kabla ya kila mechi mwamuzi hujaza fomu. Mojawapo ya maswali yake ni kama ana mtoto, mke, mume au ndugu wa kuzaliwa katika timu yoyote. Darasani huwa nasema kwamba swali hilo linamhusu hata mtu anayelala chini ya paa lako. Fainali ya mkoa ilipokaribia, mwamuzi aliyepangwa akaugua, wakaniita mimi. Miaka kumi na moja sikuwahi kupewa fainali. Timu moja ilikuwa ya shule ya Recho. Niliisoma fomu mara tatu, nikaona mpwa hakutajwa, nikaandika hapana. Recho anatumia jina la baba yake, na uwanjani nilikuwa nimemwagiza aniite Mwalimu. Hata kocha wake hakujua.

Mauwa alijua. Aliniambia asubuhi ile, akinipigia pasi shati, "Mwalimu wangu, wewe kwenye sheria za watu u mkali kama wembe, leo ya kwako umeipitia dirishani." Nikamwambia ashughulike na pasi.

Timu bingwa ndiyo ingekuwa timu ya mkoa, na ile shule ya Mbweni ilikuwa imeahidi kuwasomesha wasichana wa timu ya mkoa kidato cha tano na cha sita bila ada. Kila mchezaji alilijua hilo. Nami nililijua.

Hadi kipindi cha saba, ambacho ni cha mwisho, walikuwa sare. Recho alikuwa kituo cha tatu. Mwenzake akaupiga mpira chini, Recho akaanza kuja nyumbani. Nyuma ya wavu, jirani yetu mmoja wa Keko akasema kwa sauti, "Leo huyo hatoki ng'o. Atamtoa nani, mjomba wake?" Watu wa karibu naye wakacheka. Recho akajitelezesha mguu mbele kuelekea bamba, mdakaji anayelilinda akamgusa begani kwa mpira, nami nikakunja ngumi nikaiinua. Ametoka. Mechi ikaongezewa kipindi, wakafungwa kwa pointi moja.

Munira, mwamuzi mwenzangu aliyesimama upande wa vituo, alinijia tukivua vifaa. Alisema kwamba kutoka kule kwake aliona kama msichana yule aliwahi. Kisha akasema, "Ila bamba lilikuwa lako, Mwalimu."

Eufrazia, aliwahi. Nilimwona. Unyayo wake ulikuwa juu ya bamba nami nikauhesabu ukiwa pale, ndipo mkono wa mdakaji ukafika. Nilimtoa ili watu wale wasiseme kwamba nimempendelea. Kocha wake alinipigia kesho yake, Jumapili, kuniuliza kama kuna njia ya kukata rufaa. Nilimjibu kwamba anachokiona mwamuzi hakikatiwi rufaa, na ni kweli. Sikumwambia kwamba undugu usiotajwa hufuta mechi nzima ikarudiwa, mradi malalamiko yafike ndani ya saa arobaini na nane. Kanuni hiyo naifundisha mimi. Nilikaa sebuleni hadi saa hizo zikapita.

Recho aliniuliza mara moja tu, akiosha viatu vyake. Alisema, "Mjomba, nilikosea wapi?" Nikamwambia alichelewa kuweka mguu. Akasema sawa. Wenzake walipomcheka shuleni, Mauwa ananiambia, aliwajibu kwamba mjomba wake hakosei. Tangu hapo amefua, amepika, ameniamkia kila asubuhi. Mimi nimekula, nimelala, nimesahihisha mitihani ya waamuzi wapya. Sisikii chochote moyoni, na sijui kama hilo ni ugonjwa.

Ijumaa nimerudisha cheti kwa chama cha mchezo na kuandika sababu. Wamepokea. Mechi hairudiwi.

Barua hii anakuja nayo Recho. Sitaifunga bahasha. Nimemwambia kwamba anaruhusiwa kuisoma njiani. Amenijibu kwa adabu kwamba barua za wakubwa hazisomwi na watoto, kama nilivyomfundisha, na kwamba ataiweka chini kabisa ya begi. Kwa hiyo atakuwa amekaa karibu nawe sasa, naye hajui. Nakuomba umsomee.

Wasalimie shemeji, watoto, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi kaka yako,
Kasiani