Matundu Kumi na Manne

S.L.P. 118,
14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na baridi ya huko haijakukamata kifua kama mwaka jana. Sisi tunaendelea. Mama bado hajaanza kukanyaga. Daktari anasema nyonga ya mtu wa umri wake haitaki haraka. Anakula, anasali, anagombana na redio.

Wifi yako anashangaa naandika barua wakati simu ipo mezani. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kutorokea. Nimefunga mlango, nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka likizo ile ulipochimba shimo nyuma ya nyumba ya mama, ukausugua udongo vidoleni, ukasema huu ni mfinyanzi, ukinywa maji unavimba. Uliandika kurasa nne. Ukuta wa kuzuia udongo uwekewe kokoto nyuma yake, bomba la chini la kupeleka maji mtaroni, na matundu usoni ili maji yasijikusanye. Handaki la bomba la maji ya kunywa lisipite mguuni mwa ukuta, na likifukiwa, udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Mimi ndiye niliyemsomea fundi wetu kurasa hizo, neno kwa neno. Unamjua, yule tuliyembandika jina la Timazi kwa sababu haendi hata msibani bila uzi wake wa kupimia kuta.

Timazi alifuata kila kitu. Nilikuwepo siku zote kumi na tisa za ujenzi. Vibarua wa idara ya maji walipotaka kuchimba mguuni mwa ukuta ili wafupishe kazi, alikaa juu ya alama zao za chokaa, akagoma kuinuka mpaka wakahamisha handaki.

Ukuta ulipoanguka mwezi uliopita na kumwangukia mama akianika nguo, ulipiga simu ukasema Timazi amekula kokoto. Nami nikajibu, labda. Neno hilo moja lilitoka nyumbani kwetu likazunguka mtaa mzima. Wiki iliyofuata zahanati, ambayo ilikuwa imempa kazi ya ukuta wake, ikamwita fundi mwingine.

Kokoto zilikuwepo zote. Desemba, kabla ya wakwe wa binti yangu kuja kujitambulisha, niliupaka ule ukuta rangi nyeupe. Matundu yakawa yanatoa maji ya udongo, rangi ikajaa michirizi myekundu, nikaona aibu. Jumamosi moja nikakoroga saruji kwenye karai, nikayaziba yote kumi na manne kwa mkono wangu, nikapaka rangi juu. Nilijua ulivyoandika kwamba yasizibwe kwa sababu yoyote. Nilijiambia wageni wakiondoka nitayazibua. Wakaondoka, nikaona ukuta umesimama vizuri na unapendeza, nikaacha.

Jana nilikwenda kwa Timazi. Nilijiandaa kutukanwa. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo, kisha akatoa kwenye sanduku lake la vifaa kipande cha bomba la tundu mojawapo, kimezibwa kwa saruji, mdomoni kina rangi nyeupe. Alikiokota kwenye kifusi siku ile ile ukuta ulipoanguka. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza huku kazi zinamponyoka.

"Mama alikuwa na wewe tu wa kumwinua," akasema. "Ningekionyesha, angemshika nani?"

Nililia mbele yake, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Asubuhi hii nimemwambia mama. Hakunikaripia. Aliagiza Timazi aitwe.

Zahanati nimeshakwenda kumweleza mganga mkuu, lakini hakuniahidi kitu. Neno lako wewe mhandisi lina uzito kuliko langu. Mwandikie mganga mkuu, kwa karatasi ya ofisi yako, kwamba ukuta ule ulijengwa sawasawa ukaharibiwa na mimi. Nitaje waziwazi, usinifiche. Timazi naye umwandikie barua yake, umwombe radhi. Ukuta mpya natamani ajenge yeye, akikubali.

Timazi alifika leo mchana. Mama alimwomba msamaha kwa niaba yetu sote, akilia. Saa yake ya kutolewa nje kuota jua ilipofika, nilisogea kitandani kumwinua kama ninavyofanya kila siku. Mama akamnyooshea mikono Timazi.

Nisalimie shemeji, na mbusu kitinda mimba wako kwa ajili yangu. Wifi yako na shangazi wanakusalimu sana. Shangazi anauliza lini utakuja. Mungu awalinde huko mliko, na akupe moyo wa kunivumilia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirikia.