Karibu Niliyoikosa Mikumi

Mama Neema, mke wangu,

Hamjambo hapo Mabwerebwere? Tembo wa kwenye picha ya kadi hii usimwogope. Mimi nahangaika na mbu. Kazi niliyotumwa ni kukagua chochote kinachoweza kuwatia askari wanyamapori wa kambi hii maradhi: maji, vyoo, hata moshi wa jikoni.

Siku niliyofika niliwakuta wanakula. Wakaniita, "Ndugu Bwana Afya, karibu chakula!" Badala ya kunawa nikae nao, nilifunua kwanza pipa lao la maji. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza humo. Nikayamwaga yote palepale, na kisima kiko mbali, na jua la huku unalijua. Wakamaliza ugali wao bila tone la maji.

Tangu siku hiyo shikamoo zote napata, lakini nikipita wanafunika sahani. Wiki ya pili hii nakula peke yangu, nimeegemea lile pipa. Leo nimelichungulia: maji ni safi kabisa.

Msalimie Neema. Na jioni ukishapakua, sema "karibu" kwa sauti, hata kama mlangoni hapana mtu.

Baba Neema